Kiwanja Kisicho na Mti

Watu wa mjini wakimuuliza Germaine kwa nini alikwenda kujitupa huko Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, mahali ambapo viatu vyeupe hugeuka vyekundu kabla ya kufika kwenye kona, alikuwa na jibu tayari mdomoni. Alisema: nyumba ni yetu, hewa ni safi, na usiku tunalala. Alilisema akiwa ameinua kidevu, maana alijua kwamba mwenye kuuliza bado anapanga chumba kwa mtu, na mwenye nyumba akikasirika anafunga bomba la maji. Mdogo wake Mado, aliyebaki mjini, mtaa wa Hewa Bora, alikuwa amelisikia jibu hilo mpaka masikio yamemchoka.

Basi mvua za kwanza zilipoanza, jibu lile likaanza kumkwama Germaine kooni, kwa sababu ya sauti iliyokuwa chini ya chumba cha watoto.

Aliisikia mara ya kwanza asubuhi, akipiga deki. Adalbert, mumewe, alikuwa ameshaondoka kwenda kazini mjini, na binti yao Bénie alikuwa shuleni. Caleb, ambaye umri wa shule ulikuwa haujamfikia, alikaa mlangoni akichezea vifuniko vya chupa. Germaine alikuwa amepiga magoti juu ya sakafu ya saruji, ile aliyoisugua kwa nta nyekundu kila Jumamosi mpaka ukaweza kujiona uso ndani yake, akasikia kitu kikigota chini ya magoti yake. Akasimamisha kitambaa. Kimya. Alipoanza kufuta tena, nacho kikaanza tena, kwa utaratibu, na maji ndani ya ndoo yakatetemeka kama vile lori limepita. Lakini lori gani? Lori lingepita wapi huko?

Alimkwapua Caleb akatoka naye mpaka uani, akasimama pale roho mkononi. Alijiambia ni panya. Panya gani huyo wa kutikisa ndoo? Alicheka peke yake, cheko kavu, kisha akaacha kwa kuwa halikumsaidia kitu.

Hofu hakuwa mgeni nayo. Hofu ndiyo iliyomleta huku. Kule Hewa Bora walipokuwa wanapanga, majambazi wenye bunduki waliingia kwa jirani yao, Mama Merdi, na hawakuvunja mlango hata kidogo. Mmoja wao aliigiza sauti ya mume wa yule mama, akaita nje kwa upole, "Mama Merdi, fungua, ni mie," naye akafungua. Yaliyofuata Germaine aliyasikia yote kupitia ukutani, akiwa amelala chini ya meza, mikono yake miwili imeziba midomo ya wanawe wawili. Tangu hapo alikuwa akisikia sauti ya mtu yeyote getini, hata ya padri, anawavuta watoto chini ya meza.

Adalbert ndiye aliyepata dawa. Babu yake, mtu wa kaskazini ya Katanga, alishuka chini ya ardhi kwa miaka mingi katika mgodi wa Kipushi, na enzi hizo mchimbaji aliyefungiwa na udongo aligonga bomba la chuma: mbili za haraka, kimya, kisha moja nzito. Maana yake ilikuwa, niko hapa, bado ni mzima, nitoeni. Mzee alipostaafu akaileta hodi hiyo nyumbani, na ukoo mzima ukairithi kama wengine wanavyorithi pua.

"Sauti, mwizi ataiiga," Adalbert alimwambia. "Lakini hii hodi banaiyua tu bantu ya kwetu. Ukisikia hii, fungua. Ukisikia sauti tu, hata ni ya mie, usifungue."

Ikawa sheria ya nyumba. Germaine aliipenda kuliko kufuli. Hata Caleb aliijua hodi ya babu kabla hajajua kutamka jina lake mwenyewe.

Halafu Adalbert akaanza kutafuta kiwanja. Walizunguka Annexe nzima wakionyeshwa vilivyo vizuri: hiki kina kivuli, hiki kiko karibu na kisima, hiki muuzaji wake ni mwalimu wa katekisimu na hana maneno. Adalbert alikataa vyote. Kimoja kina unyevu, kingine hakimpendezi tu. Germaine alikuwa ameanza kuchoka na kuvimba miguu walipofika mahali ambapo pori linaishia ghafla, miti imekomea pembeni kana kwamba imekatazwa kuingia, na katikati pamebaki nyasi fupi zenye maua madogo ya zambarau. Adalbert alichuchumaa. Alichota udongo, akaufikicha, akaunusa. Kisha akasema, "Hapa."

Na Germaine alifurahi! Hakuna visiki vya kung'oa. Hakuna kichaka cha mwizi kujificha. Alichuma hata maua yale akamchomeka Bénie kwenye nywele, na njia yote ya kurudi mtoto akawa anatembea kama bibi harusi. Baadaye ndipo alipoona kwamba kiwanja kile hakitaki kulisha mtu. Lengalenga, mchicha wa huku, ilitoka na majani ya manjano, mahindi yakafika magotini yakakata tamaa. Alilaumu mbegu, akalaumu kuku wa jirani, akanunua mboga sokoni kama alivyokuwa akifanya Hewa Bora. Nyumba lakini ilisimama, vyumba vitatu na sebule, na usiku walilala kweli. Huo ndio ukweli, na haukuwa mdogo.

Jirani wa upande wa barabara alikuwa Mama Estelle, mwanamke wa asili ya Kasai aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi, ambaye aliuza makala, mkaa wa kupikia, na maneno, vyote viwili kwa wingi. Jirani wa upande mwingine alikuwa kijana aitwaye Guelor, na huyo hakuuza kitu wala hakusema kitu. Alikuwa amezungusha kiwanja chake mabati marefu kuliko nyumba yenyewe. Nyumba haikuwa na dirisha. Kutwa nzima redio kubwa ilipiga muziki ndani mle, wa kukata masikio, na jioni jioni baiskeli zilitoka zimebeba magunia yaliyofunikwa makala juu.

Germaine alimweleza Mama Estelle juu ya ndoo iliyotetemeka. Mama Estelle hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Mama Bénie, mi ninauzisha makala tangu niko kijana," alisema. "Gunia ya makala, mutoto anaibeba. Ile ya kwa Guelor, mwanaume anasukuma kinga, magurudumu inazama, mpaka mishipa ya shingo inatoka. Ile haina makala."

"Sasa iko nini?"

"Majiwe. Banachimba majiwe ya shaba." Akasogea karibu, sauti ikashuka. "Na shimo haiendake chini tu, mama. Inafuata majiwe kwenye majiwe inaenda. Ikienda chini ya kitanda yako, nao banakuya chini ya kitanda yako."

Akamsimulia juu ya nyumba moja, mbali kule, iliyoingia ardhini mchana kweupe pamoja na meza iliyokuwa imeandaliwa. Labda alitia chumvi. Mama Estelle bila chumvi si Mama Estelle. Lakini Germaine alirudi kwake mbio. Akaingia chumba cha watoto, akaona kwenye kona ya dirisha ufa mwembamba kama uzi. Aliweka alama ya makala mahali ufa ulipoishia. Kesho yake ufa ulikuwa umeipita alama, umeshuka kuelekea kitandani.

Jioni ile hodi iligongwa getini, mbili za haraka, kimya, moja nzito, na Germaine akakimbia kufungua kama mtu anayezama aliyeona kamba. Adalbert alikuwa karani katika depo ya saruji mjini, na kila siku alirudi safi, ananukia sabuni. Wanaume wengine wa huku walirudi kutoka mjini wamekuwa wekundu kwa vumbi kama matofali. Yeye alisema kazini kwao kuna bomba, anaoga kabla ya kupanda gari. Germaine alikuwa akijivunia jambo hilo mbele ya Mama Estelle.

Alimwekea bukari na samaki mkavu wa Kasenga, akangoja amalize tonge la kwanza la ugali huo.

"Papa Bénie, kuko kintu chini ya chumba ya batoto."

"Kintu gani?"

"Kinapiga, muchana yote. Guelor iko anachimba, na anafika chini yetu. Ukuta inapasuka, kuya uone."

"Ni panya, mama."

"Panya iko na nyundo?"

Adalbert aliosha mkono kabla hajashiba, akaenda kusimama mbele ya ufa kwa muda mrefu. Kabla watoto hawajalala alichukua spana, akakifungua kitanda chao vipandevipande, akakihamishia sebuleni, katikati ya viti na kabati.

"Unyevu," alisema. "Batoto batakohoa."

Germaine alimshikia mbao za kitanda. Mtu anayeamini ni panya hahamishi kitanda. Kwa hiyo naye anajua, alijisemea. Anajua, na anamwogopa Guelor, na anaona haya kuniambia kwamba anaogopa. Alimhurumia. Usiku huo alilala sebuleni chini, kati ya kitanda cha watoto na mlango wa kile chumba, na usingizi haukumpata.

"Twende kwa Guelor, sisi wawili," alimwambia asubuhi. "Akatae mbele ya macho yetu."

"Usiende kule!"

Adalbert hakuwa mtu wa kupiga kelele. Caleb aliangusha kikombe. Adalbert mwenyewe alionekana kushtushwa na sauti yake, akachukua mkoba wake akatoka.

Hapo Germaine akampigia simu Mado.

"Si ulisemaka huko munalala?" Mado alisema. Alishindwa kujizuia, na Germaine akameza, kwa kuwa ilikuwa haki yake. Kisha sauti ya mdogo wake ikalainika, ikamwita dada mkubwa. "Kuya, yaya. Leta batoto. Tutafinyana."

Kurudi Hewa Bora. Alikaa na neno hilo mapajani, asijue alishike wapi. Kule aliogopa geti; huku anaogopa sakafu. Mtu anaweza kuweka geti la chuma, lakini sakafu ataiweka nini chini yake? Alilia kidogo, kwa hasira kuliko huzuni, kwa sababu ya ile nta nyekundu na Jumamosi zote zile.

Alipofuta machozi alikwenda kwa Guelor, amri ya mume au si amri. Aligonga bati mpaka muziki ukapunguzwa. Kijana akachungulia, kope zimejaa vumbi, akausimamisha mwili wake wote kwenye upenyo wa mlango.

"Tafazali, Mama Bénie," alisema. "Mwanamuke hakaribiake hapa. Akikaribia, majiwe inakimbia."

"Njo vile unakubali unachimba! Chini ya batoto yangu!"

Germaine alikuwa amejiandaa kutukanwa. Guelor hakumtukana. Aliinamisha kichwa, mikono nyuma, kama mtu anavyosimama mbele ya mke wa mkubwa wake wa kazi. "Pardon, mama," alisema tu, na kufunga taratibu. Germaine alirudi na hasira isiyokuwa na mahali pa kwenda. Ilimpitia akilini kwamba kijana huyu hawajawahi kusalimiana naye, naye anajua jina la mtoto wake. Akaliacha lipite, maana huku kila mtu anajua jina la kila mtoto.

Mvua ilinyesha siku zilizofuata bila aibu. Ufa ukafika sakafuni. Germaine akapiga moyo konde, na asubuhi Adalbert alipokuwa anafunga viatu akamwambia anafunga mizigo, atakwenda na watoto kwa Mado, na yeye akitaka awafuate.

Adalbert alisimama na kamba ya kiatu mkononi. Uso wake ulikuwa umekonda. Ndiyo kwanza Germaine alione hilo.

"Ngojea kidogo," alisema. "Kidogo tu, mama. Tuko karibu. Kisha nitakujengea ku mahali yote unataka."

"Karibu na nini? Utajenga na nini?"

Lakini alikuwa ameshafika getini. Germaine alimtazama akikunja kuelekea barabarani, mkoba kwapani, safi kama kawaida.

Bénie akaenda shule kumuaga mwalimu wake. Germaine akatandika mashuka sebuleni, akaanza kurundika nguo juu yake. Alikuwa amefunga fundo la kwanza, na jua limetoka baada ya mvua, ardhi iliponguruma. Haikuwa sauti ya kusikia kwa masikio; ilimpanda kutoka nyayoni. Kabati likasogea. Kutoka chumba cha watoto vumbi likatoka kama moshi wa jiko lililomwagiwa maji, kisha redio ya kwa Guelor ikakatika katikati ya wimbo.

Hakumbuki alivyompata Caleb. Anakumbuka tu kwamba walikuwa uani, mtoto amembana kwapani, na kupitia juu ya ukuta aliona watu wakitoka kwa Guelor mbio, wengine vifua wazi, wekundu toka kichwani mpaka miguuni, wakikatisha majani kuelekea porini. Guelor alikuwa wa mwisho. Alisimama, akatazama nyumba ya Germaine, akajishika kichwa kwa mikono miwili, kisha naye akakimbia. Watu wanaochimba kwa siri hawangoji askari waje kuwauliza.

Nyumba ilikuwa bado imesimama. Germaine alimshukuru Bikira kwa sauti. Alishukuru kwa kitanda kilichohamishwa, akamshukuru na Adalbert aliyekihamisha. Sasa ni kuondoka, mara moja, kumpitia Bénie shuleni, nguo zibaki.

"Mama," Caleb akasema. "Papa iko anagonga."

Germaine akasikiliza. Mbili za haraka, kimya, moja nzito. Kweli! Amerudi mapema! Alikimbia getini, akavuta komeo, akafungua wazi. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Kuku mmoja alivuka.

Ikagongwa tena, nyuma yake.

"Haina kule, mama," Caleb alisema, na kidole chake kilielekea nyumbani. "Iko mu nyumba."

Germaine alirudi mlangoni hatua kwa hatua, akapita sebule, akafika kwenye chumba kitupu cha watoto. Sakafu yake nyekundu ilikuwa imepasuka kama yai. Chini yake, mbali, kama mtu anayegonga kutoka ndani ya sanduku: mbili, kimya, moja. Alichukua simu akabonyeza namba ya Adalbert, akiomba kwa moyo wote ilie huko mjini, kwenye depo, juu ya meza. Mashine ilimjibu kwamba hapatikani.

Na vyote vikamjia kwa pamoja, akiwa amesimama pale. Udongo ulionuswa. Maua ya zambarau mahali ambapo miti inakataa kuota. Sabuni. Guelor mikono nyuma. Tuko karibu. Kitanda.

Alipiga yowe, si la kilio, la kuita. Alimsukuma Caleb nje, akachukua mtaimbo uliobaki tangu ujenzi, akaupiga kwenye saruji yake mwenyewe. Alijua nyumba inaweza kumshukia kichwani. Alijua, na mikono yake iliogopa, lakini haikuacha. Mara kwa mara alisimama akagonga kwa ncha ya chuma, mbili, kimya, moja, na chini pakajibu, kila mara kwa udhaifu zaidi. Mama Estelle alifika na koleo la makala. Wakaja wanaume wa mtaa, mmoja na sururu, mwingine na kamba ya mbuzi. Walichimba chumba cha watoto kwa zamu, wakipitishiana udongo dirishani, mpaka mtaimbo ukatoboa hewani na mkono ukatokea, wenye pete ya ndoa.

Walimtoa mguu mmoja umevunjika na macho hayafunguki kwa udongo. Walimlaza uani kwenye shuka la mizigo. Germaine alimwosha uso kwa maji ya kunywa, akalia, akamshika kifua kuhakikisha kwamba kinapanda na kushuka. Aliwasikia watu walivyonyamaza ghafla, akageuka. Walikuwa wamerudi wote kwenye chumba, wameinama juu ya shimo. Udongo wa ukingoni ulikuwa kijani, kijani kizuri cha mawe ya shaba, unaometa kwenye jua la dirishani. Mwenye sururu aliokota donge akalitia mfukoni. Mama Estelle aliyekuwa analia naye sasa hivi alikuwa amekunja kitenge chake kama kikapu.

"Tangu lini?" Germaine alimuuliza mumewe.

"Tangu mwanzo." Adalbert alisema kwa shida. "Depo niliiacha mbele ya Pasaka. Guelor iko anatumika kazi kwangu; kila asubui ninazungukaka ku pori, ninaingia kwake."

"Juu ya nini tulikuya huku, Adalbert?"

Hakuwahi kumwita jina lake wazi hivyo, toka azae. Naye alilisikia.

"Babu alisemaka: kwenye miti inakataa na ile maua inaota, kule iko mali. Lakini kwenye wanaume tu banakaa, askari banakuya kuangaria. Kwenye iko mama, na batoto, na nguo ku kamba..." Alikohoa udongo. "Nani atawaza kuko shimo? Nilifanya juu yenu. Mi nabapenda."

Nguo zilikuwepo kambani kweli, sketi ya shule ya Bénie na suruali ndogo za Caleb, zinakauka. Germaine alizitazama.

"Kitanda," alisema. "Uliyua munafika chini yabo."

"Njo maana nilikisogeza!"

"Ulikisogeza. Kisha ukarudia chini, ukachimba."

Adalbert alinyoosha mkono, akashika ncha ya kitenge cha mkewe.

Germaine alihakikisha amepakiwa kwenye gari la kwenda hospitali, akamtia blanketi. Kisha akampitia Bénie shuleni, akaenda Hewa Bora na wanawe na shuka moja la nguo. Huko walifinyana kama Mado alivyoahidi. Habari za nyumba zilimfikia kwa simu: chumba cha watoto kimezama, sebule inafuata, watu wanachimba mchana kweupe. Siku nyingine Mama Estelle alipiga mwenyewe, sauti imejaa haya na pumzi, akasema naye amefungua kashimo jikoni, kadogo tu. Watu wakimuuliza Germaine kwa nini amerudi mjini, anasema huko ni mbali. Lile jibu lake la zamani halitumii tena.

Jioni moja, jua lingalipo, alikuwa anachagua maharage sebuleni kwa Mado. Kukagongwa. Mbili za haraka, kimya, moja nzito.

Caleb aliruka. "Papa!"

Germaine alimdaka mkono. Maharage yalimwagika. Macho yake hayakwenda getini. Yalikwenda kwanza sakafuni, akaitazama saruji ya mdogo wake, iliyo kavu na nzima, mpaka akawa na hakika nayo. Ndipo akainuka. Alivuka ua na Caleb akiwa nyuma ya kitenge chake, akaweka mkono juu ya komeo. Kwa upande wa pili kulikuwa na mtu anayehema, na mkongojo unaokwaruza kokoto.

"Ni nani?" aliuliza.

Mkongojo ulisogea karibu na geti. "Ni mie, mama. Si unasikia hodi?"

"Hodi ninasikia. Ninauliza ni nani."

Caleb aliinua uso, akamtazama mama yake, kisha akautazama mkono wake uliokuwa juu ya komeo, akingoja uvute. Mkono ulibaki pale pale.